Bi Rudia wa Dirisha la Pili

Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, mashine iliyo mlangoni mwa duka la dawa ilirekodi uso mwekundu wa mia moja wa dirisha la pili tangu mwaka uanze. Rekodi hiyo ipo. Kila tawi hupelekewa nakala yake mwisho wa mwezi, na nakala ya Machi bado imebandikwa kwenye mlango wa chumba cha kunywea chai, juu kidogo ya swichi ya taa. Mpaka siku hiyo dirisha la kwanza lilikuwa na nyuso nyekundu kumi na tisa. Dirisha la tatu, ambalo ni la malipo, lilikuwa na saba.

Mashine yenyewe ililetwa Januari. Mteja anapotoka hubonyeza namba ya dirisha alilohudumiwa, kisha huchagua uso mmoja kati ya tatu: wa kijani unaocheka, wa njano usiosema kitu, na mwekundu ulionuna. Mlinzi, ambaye kiti chake kiko hatua mbili kutoka hapo, anasema watu hawabonyezi wanachofikiri. Watoto hubonyeza mwekundu kwa sababu ndio unaowaka vizuri. Mama mmoja aliubonyeza kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na hakuwa na mwavuli. "Lakini kwa dirisha la pili," mlinzi anasema, "hapo wanabonyeza kwa moyo wote."

Anayekaa dirisha la pili ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi na kalamu tatu katika mfuko wa koti jeupe, mbili kati yake hazina wino. Amekaa hapo miaka kumi na minne. Duka ni moja kati ya maduka kumi na saba yenye bango lile lile la kijani, sakafu ile ile nyeupe na harufu ile ile ya sabuni na katoni. Mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wateja humwita Bi Rudia, na wenzake kazini hivyo hivyo, mwanzoni kwa utani, sasa kwa mazoea.

Jina limetokana na namna anavyofanya kazi. Hupokea cheti cha daktari, hukisoma mara mbili, huenda kwenye rafu, hurudi na pakiti, hubandika lebo na kueleza dozi. Mpaka hapo hana tofauti na mtu yeyote wa kazi hiyo. Kisha huweka pakiti juu ya kaunta, huifunika kwa kiganja cha mkono wa kulia, na kusema, "Hebu rudia." Kiganja hakiondoki mpaka mteja aeleze, kwa maneno yake mwenyewe, atameza nini, ngapi, saa ngapi na kwa siku ngapi. Akikosea, Bi Rudia hueleza upya, kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka, kisha husema tena, "Hebu rudia."

Siku hiyo ya Machi, aliyebonyeza uso wa mia moja alikuwa dereva wa lori la mchanga. Alikuwa na vidonda vya tumbo.

"Dada, fanya upesi, gari nimeliacha linanguruma."

"Lizime."

"Nikilizima haliwaki."

"Basi rudia upesi. Utameza vipi?"

"Kimoja asubuhi, kimoja jioni."

"Kabla ya kula au baada?"

"Kwani ulisema?"

"Nilisema."

"Basi baada."

"Kabla. Nusu saa kabla."

"Sasa kama wewe mwenyewe unajua, unaniuliza mimi ya nini?"

Foleni ikacheka. Bi Rudia hakucheka, wala hakukasirika. Kiganja kilibaki pale pale juu ya pakiti. Dereva akarudia, safari hii bila kosa, akachukua dawa yake, na alipofika mlangoni akabonyeza mara moja kwa dole gumba, kwa nguvu, kama mtu anayebandika muhuri.

Si wote waliochukia. Mwalimu mstaafu wa hesabu, mzee mwembamba anayekuja kila tarehe ishirini na nane kuchukua vidonge vya presha, huingia dukani akiwa amejiandaa. Husimama wima mbele ya dirisha la pili, mikono nyuma, na kuanza kabla hajaulizwa. "Hiki cheupe, kimoja, asubuhi, na maji, si na chai. Hiki cha pinki, nusu, jioni. Nikisikia kizunguzungu nikae chini, nisijifanye kijana. Nimepata ngapi?"

"Kumi kwa kumi, mwalimu."

"Darasa zima?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

Huwageukia walio nyuma yake. "Mmesikia. Someni." Kisha hubonyeza uso wa kijani. Siku moja mlinzi alimkuta anabonyeza wa kijani mara kumi na moja, akamwomba awaachie na wengine.

Katikati ya Aprili meneja alimwita ofisini. Meneja ni mfamasia wa miaka thelathini na minne, mpole, mwenye tabia ya kupanga vitu vya mezani wakati anapozungumza. Ofisi yake ni chumba kilichokuwa stoo. Bado kuna rafu ukutani, na juu ya rafu kuna taji la karatasi la sherehe ya kufungua tawi ambalo hakuna aliyewahi kulitoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Kaa, mama. Hii imetoka makao makuu. Mimi nimepewa niisome tu."

"Soma."

Ilikuwa ripoti ya mteja wa siri, yaani mtu anayetumwa na kampuni ajifanye mteja wa kawaida na baadaye ajaze fomu. Mteja huyo alifika tarehe 9 Aprili na cheti cha dawa ya kikohozi na vidonge vya kuua vijidudu. Meneja akasoma kwamba usafi ulikuwa mzuri, salamu zilitolewa, dawa zote zilipatikana, na muda dirishani ulikuwa dakika nne na sekunde hamsini, wakati uliowekwa na kampuni ni dakika moja na nusu. "'Mhudumu alinilazimisha kurudia maelezo mara tatu, mbele ya watu, kama mtoto wa shule. Nilijisikia vibaya.' Alama, arobaini na moja kwa mia."

Bi Rudia alifikiri kidogo. "Yule wa shati la bluu. Aliyekuwa na kalamu nyuma ya sikio."

"Sijui alivaa nini, mama."

"Alirudia mara tatu kwa sababu alikosea mara mbili. Alisema vile vidonge ataacha akipata nafuu. Nikamwambia amalize vyote. Akasema sawa, atamaliza vyote leo."

Meneja alisogeza stepla, akaisogeza tena. "Hilo halina nafasi yake kwenye fomu."

Barua ilikuja pamoja na ripoti. Kuanzia Jumatatu, tarehe 5 Mei, dirisha la pili lingepimwa kwa siku thelathini. Wastani ukishuka hadi dakika moja na nusu, hakutakuwa na la zaidi. Usiposhuka, Bi Rudia atahamishiwa ghala kuu, upande wa katoni, mahali asipokutana na mteja. Mshahara haubadiliki. Meneja aliisema hiyo ya mwisho kama mtu anayempa mgonjwa peremende.

"Kwani lazima warudie, mama? Si uwaulize tu kama wameelewa? Wote tunafanya hivyo."

"Nikiwauliza watasema wameelewa."

"Basi si ndiyo?"

Hakumjibu. Alikunja barua mara mbili, akaitia mfukoni kwenye zile kalamu, akarudi dirishani. Kulikuwa na watu sita.

Kwa nini hakumjibu ni jambo la mwaka 2016, na mpaka mwaka huu alikuwa hajamwambia mtu.

Bi Rudia alilelewa na shangazi yake, dada wa baba, tangu akiwa na miaka saba. Shangazi alikuwa fundi wa kushona sare za shule. Chumba chake cha mbele kilikuwa na cherehani moja, meza moja ya kukatia, na rundo la vitambaa vya bluu lililofika kiunoni kila mwezi wa kufungua shule. Alikuwa mtu asiyetaka kumsumbua mtu. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayeomba radhi. Alipofika miaka sitini na minane vidole vilianza kuvimba kwenye viungo, na daktari akamwandikia vidonge vidogo vya njano vya kumezwa mara moja kwa wiki. Pakiti ilikuwa na vidonge kumi na viwili, vya majuma kumi na mawili. Mpwa wake ndiye aliyemletea kutoka dukani, kwa mkono wake, na lebo aliyoiandika mwenyewe.

Alimpa akiwa amesimama mlangoni, mkoba begani, kwa sababu alikuwa anawahi zamu.

"Kimoja kwa wiki, shangazi. Kila Jumapili. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama," shangazi akasema. Alizoea kumwita hivyo, mama. "Nenda, utachelewa."

Siku ya kumi na tatu shangazi alikuwa hospitali, kinywa kimejaa vidonda, hawezi kumeza hata maji. Daktari wa zamu aliuliza anatumia dawa gani. Mpwa akamtajia. Anatumiaje? "Mara moja kwa wiki," akajibu, kwa sauti ya mtu wa kazi hiyo, na daktari akaandika. Siku ya kumi na sita shangazi akafariki. Cheti cha kifo kilisema damu ilikuwa imeshuka na maambukizi yalikuwa yameenea.

Baada ya mazishi alikwenda kufagia kile chumba cha mbele. Pakiti ilikuwa kwenye droo ya cherehani, pamoja na bobini na chaki. Ilikuwa tupu. Lebo ilikuwa sahihi, mwandiko wake mwenyewe, safi, na mdogo. Miwani ya shangazi ilikuwa imevunjika mkono mmoja tangu mwaka uliotangulia. Alikuwa anakadiria tundu la sindano kwa vidole.

Mpwa aliirudisha pakiti kwenye droo na kuifunga. Hakulia. Wanawake waliokuwa wanaosha vyombo uani walisema amekaza roho. Haikuwa hivyo. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unaugusa, unajua ni wako, husikii kitu. Alisubiri ganzi iishe, kama inavyoisha kwenye mguu. Juma lililofuata alirudi kazini. Mteja wa kwanza alikuwa kijana mwenye jipu. Alimweleza dozi, akafungua mdomo aseme "Umeelewa?", na neno likakataa kutoka. Akaweka kiganja juu ya pakiti. "Hebu rudia," akasema.

Tangu hapo ilikuwa hivyo hivyo, na kwa karibu miaka tisa hakuna aliyempima kwa saa.

Nyumbani anaishi na mumewe, fundi umeme, mtu wa maneno machache ambaye hupekua mifuko yake kila jioni kutoa skrubu kabla suruali haijafuliwa. Siku ya barua alimuuliza kama anavyomuuliza kila siku.

"Leo vipi?"

"Kawaida."

Akatoa skrubu nne, akazipanga juu ya redio.

Tarehe 5 Mei Bi Rudia alifika kazini saa mbili kasoro robo, akafuta kaunta, na kuanza kuuliza kama wanavyouliza wengine. Mikono aliitia mifukoni, maana kiganja cha kulia kilikuwa kinajiendea chenyewe.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Umeelewa, baba?"

"Ndiyo, ndiyo."

"Umeelewa?"

"Asante, dada, nimekuelewa vizuri sana."

Mchana wa siku ya kwanza dada wa malipo, msichana mcheshi wa dirisha la tatu ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimwiga kwa kufunika kikombe cha chai na kuwaambia wenzake warudie, alisogea na kumwangalia usoni.

"Bi Rudia, unaumwa?"

"Hapana."

"Watu wanakuja kwangu kulipa kabla sijamaliza kufungua droo. Nimeanza kuzeeka ghafla."

Wastani wa juma la kwanza ulikuwa dakika moja na sekunde ishirini na mbili. Juma la pili, dakika moja na kumi na moja. Nyuso za kijani za dirisha la pili zilipita za dirisha la kwanza. Meneja aliichapisha karatasi kwa rangi na kuibandika juu ya ile ya Machi, lakini gundi haikushika, ikaanguka nyuma ya ndoo. Mwalimu mstaafu hakuwepo kuona, maana tarehe ishirini na nane ilikuwa haijafika. Nyumbani, mume alisema, "Siku hizi unarudi mapema."

"Foleni inaisha upesi."

"Vizuri."

Kilichomshangaza ni kwamba hakikumsumbua. Alitarajia kukosa usingizi, akalala. Watu walikuja na vyeti, wakaondoka na vifurushi, wote wameelewa. Angeweza kufanya hivyo miaka mingine tisa.

Alhamisi, tarehe 22 Mei, karibu saa tano, alikuja mwanamke wa makamo mwenye mfuko wa nailoni, akauweka juu ya kaunta. Ndani yake kulikuwa na viatu vya kiume, vyeusi, kimoja soli imefunguka kama mdomo.

"Samahani, mama. Vya baba. Nikitoka hapa vinakwenda kwa fundi." Akatoa cheti. "Na hii ni yake pia. Vidole vinamsumbua."

Bi Rudia alikisoma mara moja, akakisoma tena. Vidonge vidogo vya njano, kumi na viwili, kimoja kwa wiki. Kwa tawi hilo dawa hiyo hutoka mara nne au tano kwa mwaka, na tangu 2016 kila pakiti iliyotoka ilikuwa imepita chini ya kiganja chake. Alikwenda kwenye rafu, akarudi, akabandika lebo. Mikono ikarudi mifukoni.

"Kimoja kwa wiki. Mchague siku moja. Si kila siku. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama. Asante."

Sekunde hamsini na nane. Mwanamke akalipa dirisha la tatu, akabonyeza uso wa kijani na kutoka.

Aliyefuata alikuwa na dawa ya maji ya mtoto. Alielewa. Aliyefuata alikuwa na matone ya macho. Alielewa. Wa tatu alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu, akawa anaeleza kuhusu kiuno chake, na Bi Rudia alikuwa anautazama mdomo wake ukifunguka na kufungika bila kusikia maneno. Kisha akavua miwani, ikaning'inia kwenye uzi. Kwenye droo kuna kibao kinachosema dirisha limefungwa kwa muda. Hakukitoa. Alipita mlango wa nyuma ya kaunta, akakatiza foleni yake mwenyewe na kutoka nje.

"Bi Rudia," mlinzi akasema, "chai mapema leo?"

Hairuhusiwi kutoka barabarani na koti jeupe, na kwa miaka kumi na minne hakuwahi kutoka nalo. Alipita kinyozi, akapita duka la simu, akapita wachomeleaji waliotandaza mageti yao mpaka njiani. Hakukimbia, lakini alitembea kama anayewahi duka kabla halijafungwa. Mtaani kuna mafundi viatu wawili. Wa kwanza, wa kona ya benki, alikuwa peke yake, anakula mkate. Wa pili yuko nyuma ya kituo cha mafuta, chini ya bati, na mwanamke alikuwa amekaa hapo kwenye kigoda, mfuko wa dawa mapajani.

Mwanamke alipomwona akasimama. "Nimesahau chenji?"

"Hapana. Ile dawa. Hebu rudia."

"Nirudie nini?"

"Atameza vipi?"

Mwanamke alimtazama, kisha akamtazama fundi, kama mtu anayetafuta shahidi. "Kidonge kimoja kwa wiki. Tumechagua Jumapili, ili asisahau. Si kila siku. Akimeza kila siku vitamdhuru, daktari naye alisema hivyo hivyo." Akaufungua mfuko wa dawa. "Nimekosea?"

"Hujakosea."

"Sasa?"

"Basi. Ni hilo tu."

"Umetoka dukani mpaka huku kuniuliza hilo?"

"Ndiyo."

Fundi alitoa msumari mdomoni. "Huyu ndiye yule anayewarudisha watu darasani," akamwambia mwanamke. "Mimi mwenyewe aliniweka siku moja kwa ajili ya dawa ya fangasi. Mbele ya mashemeji."

Mwanamke hakucheka. Alikuwa bado anamwangalia Bi Rudia usoni, na huenda aliona kitu, maana alilainisha sauti. "Ila mimi sikai naye. Baba anajimezea mwenyewe. Jioni nikimpelekea, nitamwambia na yeye arudie."

"Mwambie."

"Nitamwambia."

Bi Rudia akageuka. Njiani alisubiri afueni, kwa sababu mwanamke alikuwa sahihi, au aibu, kwa sababu mwanamke alikuwa sahihi. Alipita wachomeleaji, duka la simu, kinyozi. Hakikuja kitu.

Alikuwa ametoka kwa dakika kumi na nne. Watu tisa walikuwa kwenye foleni yake. Wawili waliondoka bila dawa, na saba waliobaki walihudumiwa na dirisha la kwanza, kisha wote saba wakabonyeza namba mbili na uso mwekundu. Mzee wa kofia ya sufu ndiye aliyewapanga.

"Ulikuwa wapi?" dada wa malipo akamuuliza kwa kunong'ona. "Nimetukanwa mpaka na mtoto mchanga."

Meneja alimwita saa nane. Safari hii hakupanga vitu vya mezani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, ulikuwa umeshafika. Zilibaki siku kumi na mbili tu. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kukusifu, hii hapa. Umeacha dirisha wazi, umetoka na koti, kamera imeona, makao makuu wameshanipigia. Niambie kitu niwaambie. Chochote."

Bi Rudia alilitazama lile taji la karatasi juu ya rafu. Kisha akasema, kwa sauti anayotumia kueleza dozi: "Mwaka 2016 nilimpa shangazi yangu dawa ya viungo, ile ya mara moja kwa wiki. Nilimuuliza kama ameelewa, akasema ameelewa. Alimeza kila siku. Alikufa siku ya kumi na sita, na daktari nilimwambia alikuwa anameza kila wiki."

Feni ilizunguka. Mlango wa pili, mtu alikuwa anaburuta katoni.

"Pole sana, mama," meneja akasema. Baadaye akasema, "Lakini ulimwambia kila wiki?"

"Nilimwambia."

"Na lebo?"

"Lebo ilikuwa sahihi."

"Basi si kosa lako."

"Sikumwambia arudie."

Meneja alivuta fomu ya maelezo. Aliuliza, kwa uangalifu, kama anataka hilo liandikwe kwenye maelezo. Huenda lingesaidia, huenda lingeleta maswali mengine. Bi Rudia akasema hapana. Akauliza kama anaweza kurudi dirishani, kwa sababu zamu ilikuwa haijaisha. Meneja akasema ndiyo. Alirudi, akafuta kaunta, na mteja aliyefuata alikuwa mama mwenye dawa ya kifua. Bi Rudia akatoa mkono mfukoni, akafunika pakiti kwa kiganja.

"Hebu rudia, mama."

Jioni hiyo, mume alipomuuliza leo vipi, alimweleza. Ilichukua muda mfupi kuliko alivyodhani, kama dakika moja na nusu. Mume alikuwa ameshika skrubu mbili, na aliendelea kuzishika mpaka mkewe alipomaliza.

"Pakiti iko wapi?"

"Kwenye cherehani."

Cherehani ya shangazi iko chumbani kwao, imefunikwa shuka, na juu yake hukaa pasi. Mume aliitazama kwa muda. Hakwenda kuifungua. "Miaka tisa," akasema. Kisha akaenda kuweka maji jikoni, akawaletea chai wote wawili, jambo ambalo kwa kawaida hafanyi, wakainywa bila kuwasha redio.

Barua ya uhamisho ilifika tarehe 6 Juni. Juni yote aliuliza kama alivyokuwa akiuliza, kiganja juu ya pakiti, na mashine ikahesabu. Wastani ulipanda hadi dakika nne na sekunde thelathini na sita. Meneja hakuibandika karatasi ya mwezi huo.

Yule mwanamke wa viatu alipita siku moja kununua bandeji. Alisema baba yake alimrudishia bila kosa, kisha akamnunia siku mbili kwa kumwuliza kama mtoto. "Lakini Jumapili anameza," akasema. "Idadi ya vidonge naiona."

Jumamosi, tarehe 28 Juni, ilikuwa siku yake ya mwisho dirishani. Mwalimu mstaafu alikuja saa tatu, akasimama wima, mikono nyuma.

"Hiki cheupe, kimoja, asubuhi, na maji. Hiki cha pinki, nusu, jioni. Kizunguzungu, kaa chini. Nimepata ngapi?"

"Kumi kwa kumi, mwalimu."

"Nimesikia wanakuhamisha."

"Ndiyo. Ghalani."

"Huko utamuuliza nani?"

"Katoni."

Mwalimu alifikiri. "Zitafeli," akasema. Alichukua dawa zake, akasimama mbele ya mashine kwa muda kama mtu aliyesahau namba, kisha akaondoka bila kubonyeza chochote.

Saa kumi na moja Bi Rudia alisafisha droo. Alitoa kibao cha kufunga dirisha, kifutio, na kamba ya miwani ya akiba. Kalamu mbili zisizo na wino alizitupa. Dada wa malipo, ambaye ndiye atakayelishika dirisha hilo, alikuja kupokea funguo na kuelezwa kila mmoja ni wa wapi.

"Mimi siwafundishi watu, Bi Rudia. Nakuambia mapema."

"Sawa."

"Nitawauliza kama wameelewa, basi."

"Sawa. Funguo hizi, ya kabati la juu ni ipi?"

"Ndiyo kwanza umeniambia. Hii fupi."

"Na ya friji?"

Dada wa malipo alizigeuza mkononi. "Hii." Akasita. "Hapana. Hii."

"Hebu rudia," Bi Rudia akasema, na msichana akarudia, zote nne, kutoka fupi hadi ndefu.

Jumanne, tarehe 1 Julai, saa mbili asubuhi, ataanza kazi ghala kuu, kilomita kumi na moja kutoka dukani, kwenye meza ya kupokea katoni. Koti lake jeupe litabaki tawini, kwa sababu ghalani wanavaa la kijivu.